Picha Bubu ya Mama Mugeni

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ya Mugeni ililia mara mbili, ikakatika. Mlio wa kwanza, mlio wa pili, kimya. Hapo alijua kwamba mama yake ameamka salama upande wa Kenya, amewasha jiko la hoteli ya Mama Patroba, na sasa anachambua mchele. Mugeni naye alibipu mara mbili, akairudisha simu chini ya mto, akalala dakika tano zaidi. Miaka minne walikuwa wakiamkiana hivyo. Alipokuwa Busia ya Uganda nyumbani na baba yake, au Tororo kwenye chumba chake cha kupanga karibu na chuo, milio miwili ilimfuata.

Jumanne ile simu ililia mara mbili, kisha ikalia ya tatu.

Mugeni aliketi kitandani na kuitazama. Ikalia ya nne. Ya tano ilipoanza alipokea.

"Mama? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Umeamka?"

"Nimeamka."

"Baba yako mzima?"

"Mzima."

Nyuma ya mama sufuria ziligongana, na mtu akauliza chumvi iko wapi.

"Mama Patroba anafungua hoteli nyingine Kisumu," mama alisema. "Anataka mimi ndiye nishike jiko la huko. Jumatatu tunaondoka."

Mugeni alivuta shuka mabegani.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

"Sasa unasemaje?"

Mugeni alikuwa nalo la kusema, tena neno moja tu: usiende. Lakini ndivyo alivyokuwa tangu utotoni, neno zito likimfika mdomoni linageuka jepesi.

"Kisumu ni pazuri," alisema. "Kuna ziwa."

"Hata hapa ziwa haliko mbali," mama alisema. "Haya, mwanangu. Nilitaka tu ujue."

Simu ikakatika. Nje, baba yake alikuwa akisukutua kinywa na kusafisha koo, kazi aliyoifanya kila asubuhi kwa makini kama mwimbaji, ingawa hapakuwa tena na mtu wa kumsikiliza. Mugeni alitoka akasimama mlangoni na shuka mabegani.

"Baba, Mama anahamia Kisumu. Jumatatu."

Mzee Ojiambo alisimama na mswaki mdomoni. Povu lilimchirizika kidevuni. Kisha akatema, akajifuta, na kutoka kifuani mwake ikaja ile sauti nzito ya kutangaza filamu mpya, "Ndugu watazamaji. Jumatatu hii. Mwanamke mmoja. Sufuria kumi. Jiji moja la samaki."

"Baba."

"Nimesikia," alisema kwa sauti ya kawaida, akaingia ndani.

Mzee Ojiambo alikuwa vijei. Vijana wa siku hizi wanatazama filamu kwenye simu, lakini zamani mtu wa Busia alipotaka kuona Mchina akipigana alikwenda kwenye kibanda cha video, akaketi kwenye benchi, na mbele pembeni ya skrini aliketi vijei na maiki yake, akitafsiri. Kutafsiri lilikuwa jina tu. Ojiambo hakujua Kichina, wala Kihindi, na Kiingereza alikijua cha kuombea maji. Alitazama macho ya mwigizaji na mabega yake, akajua anasema nini, akakisema yeye kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kisamia. Jambazi wa Hong Kong akawa Wandera wa Lunyo, aliyeiba ng'ombe wa shemeji yake. Bibi harusi wa Bombay akalia kwa sauti nyembamba kwamba mahari haijafika. Watu walimwita Vijei Radi. Kanda zenye sauti yake zilifika Tororo, zikafika Nabuyoga, mpaka vijiji ambako umeme ulikuwa haujafika.

Proscovia, mkewe, alikuwa akivuka mpaka asubuhi kwenda kupika kwa Mama Patroba na kurudi jioni. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Mwaka ule wa korona alilala huko siku mbili kwa sababu ya karamu ya harusi, na kabla hajarudi mpaka ukafungwa. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Kibanda nacho kilifungwa, na amri ya kufungua ilipotoka watu hawakurudi tena kwenye mabenchi. Mpaka ukafunguliwa. Malori yakapita, wachuuzi wakapita, watu wenye baiskeli za magurudumu matatu wakapita na magunia yao. Proscovia hakupita.

Kwao, mke akiondoka nyumbani mumewe humfuata. Hufika na mtu mzima mmoja wa kumsindikiza, huketi, huulizwa maswali, hujishusha, kisha mke hufunga mzigo wake wakarudi pamoja. Kila mtu alilijua hilo. Tatizo ni kwamba hapakuwa na ugomvi.

"Anayefuatwa ni yule aliyefukuzwa," Mzee Ojiambo alimwambia Mugeni. "Mimi nilimfukuza? Nikienda kumfuata, nakubali kosa lipi?"

Na mama, akimenya vitunguu upande wa pili, "Mpaka umefunguliwa, na hakuna mtu aliyekuja. Nijirudishe mwenyewe kama mbuzi aliyekata kamba? Watu wataniuliza nilikuwa wapi."

Kila mmoja alimwambia Mugeni, wala hawakuambiana wao. Miaka minne Mzee Ojiambo hakuvuka mpaka, katika mji ambao watu huvuka kwenda kunyoa ndevu. Akitaka kitu cha ng'ambo alimtuma mtu.

Chuoni Tororo, kozi ya habari ilikuwa imefika muhula wa mwisho, na mwalimu wao, Odeke, aliwapa wiki mbili za kutengeneza filamu ya dakika kumi juu ya mtu na kazi yake. Baada ya filamu, ripoti ya kurasa mbili. "Mlifanya nini, mliharibu nini, mlijifunza nini," alisema. "Msiniandikie kwamba hamkuharibu kitu." Mugeni alikuwa amemchagua baba yake. Baada ya simu ya Jumanne akamwongeza mama yake. Kwenye karatasi ya mpango aliandika kwamba anataka kulinganisha kazi mbili, ya sauti na ya mikono. Ukweli haukuwa huo. Alifikiri kwamba mtu akitazamwa na kamera na kuulizwa swali, hana budi kujibu. Aliyoshindwa kuwauliza kama binti yao, angewauliza kama mtengeneza filamu.

Aliyebeba maiki alikuwa Owor, mwanafunzi mwenzake wa Nabuyoga, mrefu, mwenye maneno mengi. Chuo kilikuwa na hedifoni mbili kwa wanafunzi arobaini, na zote zilikuwa zimeshachukuliwa.

"Hakuna shida," Owor alisema. "Mimi nasikia na hii masikio yangu ya Nabuyoga."

Jumatano walipiga picha kibandani, ambako sasa mfanyabiashara mmoja alihifadhi magunia ya vitunguu. Mzee Ojiambo alivaa shati lake la mikono mirefu na kuketi juu ya gunia pale pale ilipokuwa meza yake. Owor alipomwelekezea maiki, mzee aliipokea kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Aliigeuza, akaipima uzito, akaipuliza.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Busia, mpo?"

"Tupo, Mzee," Owor alisema, akicheka.

"Wewe ni mtoto wa nani huko Nabuyoga?"

"Mtoto wa Ochwo. Mzee, mimi nilikua na sauti yako. Nilidhani Wachina wote wanaongea kama wewe."

"Wanaongea kama mimi. Ni wao tu hawajui."

Kamera ilikuwa imewaka tangu mzee alipoketi. Mugeni aliuliza maswali ya kazi, na baba yake alijibu vizuri, akisukuma kidude cha maiki kwa kidole gumba kabla ya kila jibu, kama alivyozoea miaka ishirini. Alieleza jinsi ya kutofautisha sauti ya muuaji na ya mchumba. Alieleza kwamba vijei haruhusiwi kunyamaza, kwa sababu ukinyamaza sekunde tano watu wanapiga miluzi.

Mugeni akashusha pumzi. "Na Mama? Yeye alikuwa akija kukutazama?"

Baba yake aliitazama kamera. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso tu. Kisha macho yakacheza, na ikatoka sauti ya mzee wa Kihindi mwenye hasira, "Binti yangu hataolewa na mtu wa kibandani." Owor akacheka mpaka akaigonga kamera. Swali likapita.

Alhamisi walivuka. Jiko la Mama Patroba lilijaa moshi na kelele, na Proscovia, mwanamke mwembamba wa mikono mirefu, alifanya kazi bila kuwatazama, akigeuza samaki aina ya ngege kwenye mafuta, akionja hiki, akifunika kile. Alipomwona Owor akiinama chini ya mlango alimwambia, "Wewe shika hicho kijiti chako mbali na supu." Mugeni alimwekea kamera mbele ya sufuria ya maharagwe. Hakuuliza alichokusudia. Aliuliza kwa kuzunguka, kama kawaida yake, "Kuna jambo ungependa kuwaambia watakaokuona?"

Mama aliacha kukoroga. Aliinua uso, akaitazama kamera moja kwa moja, muda mrefu, kijiko kikidondosha mchuzi. Mugeni nyuma ya kamera aliacha kupumua.

"Maharagwe haya yanataka moto mdogo," mama alisema.

Kisha akanyoosha kijiko. "Njoo uonje."

Mugeni alisahau kwamba kamera inaendelea. Alizunguka, akaingia kwenye picha, akaonja.

"Chumvi imetosha," alisema.

Ijumaa waliketi kwenye chumba cha kompyuta chuoni. Dirishani mwamba wa Tororo ulisimama peke yake juani. Mugeni alifungua picha ya kwanza. Baba yake aliketi juu ya gunia, akapuliza maiki, akasema, "Moja, mbili. Moja, mbili. Busia, mpo?" Kidole gumba chake kikasukuma kidude. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Mdomo wake ulicheza, mikono yake ikapaa, na ukimya ukaendelea. Mugeni alifungua picha ya pili, ya tatu, ya mama. Mafuta yalichemka kimya. Ngege aligeuka kimya.

Maiki ya zamani ya kibandani iliwashwa kwa kusukuma juu. Ya chuo ilizimwa kwa kusukuma juu. Owor alikuwa ameiwasha kabla ya kumpa mzee, na mzee, kwa heshima ya kazi, akaizima na kuendelea kuisukuma pale pale. Kesho yake ikavuka mpaka ikiwa vile vile imezimwa.

Baadaye, kwenye ripoti, Mugeni aliyaandika hayo kwa sentensi mbili: kwamba hawakuwa na hedifoni, na kwamba hawakutazama alama ya sauti kwenye kamera. Hakuandika kwamba alijifungia chooni na kulia. Wala hakulia kwa ajili ya filamu. Alikuwa amejidanganya kwamba amewashika wazazi wake wote wawili ndani ya kifaa kimoja, na kwamba humo ndani, kama angesikiliza vizuri, lilikuwamo neno ambalo hakulisikia siku ile.

Mugeni aliporudi, Owor alikuwa amejikunyata kwenye kiti.

"Mugeni, samehe. Nakwenda kumwambia mwalimu ni makosa yangu."

"Si yako peke yako."

"Tunarudia picha kesho?"

"Mama hana nafasi. Anafungasha."

Walitazama skrini. Mama alikuwa pale, ameinua uso, kijiko mkononi.

"Ajabu," Owor alisema taratibu. "Mimi filamu zote za utoto nilitazama hivi. Midomo inacheza, mimi sijui wanasema nini. Nilikuwa nangoja baba yako tu."

Mugeni aligeuka akamtazama.

Hakuwa msichana wa njama. Hata kuomba ruhusa ya kutoka darasani kulimtoa jasho. Lakini Jumamosi jioni, huko Busia, aliweka kompyuta mezani mbele ya baba yake, akamwonyesha filamu yote, dakika kumi kasoro, bila kueleza. Mzee alijitazama mwenyewe akipunga mikono na kucheka kidogo. Ilipofika jikoni aliacha kucheka. Alisogeza kiti. Ilipokwisha akasema, "Rudisha pale kwa sufuria."

Mugeni alirudisha.

"Amekonda."

"Hajakonda, Baba."

"Hapa shingoni amekonda." Aligusa skrini kwa ukucha. "Rudisha tena."

Akarudisha tena. Baba yake alitazama ule uso ulioinuliwa mpaka Mugeni akaingia na kuonja.

"Sauti iko wapi?"

"Imepotea. Maiki ilizimwa." Hakumwambia nani aliizima. "Mama anataka kuiona kabla hajaondoka. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Sasa nitampelekea picha bubu?"

"Kwa hiyo unataka vijei."

"Nataka vijei."

Mzee alijikuna shingo. "Vijei akiitwa kazini huenda," alisema.

"Hata ng'ambo?"

"Kazi ni kazi. Hakuna anayesema Ojiambo amekwenda kumfuata mtu. Amekwenda kazini." Alisimama, akaketi, akasimama tena. "Lile shati umelifua?"

Jumapili baada ya chakula cha mchana walivuka, baba na maiki yake ya zamani mkononi na kipaza sauti kidogo cha betri begani, Mugeni na kompyuta kifuani, Owor na nyaya. Mpakani Mzee Ojiambo alitoa kitambulisho chake kabla hajaulizwa. Alitembea upande wa Kenya akitazama huku na huku kama mgeni, akashangaa benki mpya, akaulizia kinyozi aliyekufa.

Hoteli ilikuwa imepungua watu. Mama Patroba, mwanamke mnene mcheshi aliyeimiliki, ndiye aliyemwona kwanza.

"Shemeji Ojiambo. Miaka minne, tulidhani miguu ilikatwa."

"Miguu ipo, Mama Patroba. Nilikuwa naitunza."

Proscovia alitoka jikoni akifuta mikono. Alisimama mlangoni.

"Baba Mugeni."

"Mama Mugeni."

"Umevuka."

"Nimeitwa kazini," alisema, akionyesha kipaza sauti.

Mama alimtazama yeye, akalitazama shati, kisha kile kipaza sauti. Kitu usoni pake kilichokuwa kimefunguka kikafungwa. "Basi kazi njema," alisema, akarudi jikoni. Lakini alirudi na chai, akaiweka mbele yake bila kuuliza sukari vijiko vingapi, akaketi meza ya nyuma kabisa, karibu na begi kubwa la rangi ya buluu ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Mugeni aliliona begi. Alichomeka nyaya pasipo pake. Owor alizichukua kimya kimya akazichomeka yeye, na safari hii akahakikisha mara tatu.

Filamu ilianza. Na Vijei Radi akafufuka. Ile picha yake mwenyewe juu ya gunia aliipa sauti ya shujaa wa vita, akajisifu kwamba aliwahi kuwaua Wachina sabini kwa siku bila kutoka kwenye kiti. Wateja wawili waliokuwa wakiondoka waliketi tena. Mwosha vyombo alikuja na sahani yake akasimama akiifuta. Gunia la vitunguu likapewa sauti, likalalamika kwamba limekaliwa na mtu mzito. Mama Patroba alicheka akishika ukingo wa meza. Hata mama, kule nyuma, Mugeni alimwona akiinamisha kichwa ili kuficha meno.

Ikafika jikoni.

"Sasa ndugu watazamaji," vijei alisema, na sauti ikawa nyembamba na kali, "mimi ndiye Mama Mugeni, jemadari wa sufuria. Ngege huyu alinijibu vibaya, nikamgeuza. Maharagwe haya yakinikaidi, nayaweka ndani siku tatu."

Watu wakacheka.

"Sikusema hivyo," mama alisema kutoka nyuma.

"Ulisemaje, Mama Mugeni?"

"Nilisema yanataka moto mdogo."

"Haya, moto mdogo. Serikali imesikia."

Wakacheka tena. Kisha kwenye skrini Proscovia akaacha kukoroga, akainua uso, akawatazama wote.

Vijei hakusema kitu. Sekunde tatu. Tano. Saba. Mugeni hakuwahi kumsikia baba yake akinyamaza na maiki iko wazi. Kipaza sauti kilitoa pumzi zake.

"Vijei, umelala?" mteja mmoja aliuliza.

Kwenye skrini kijiko kilinyooshwa, na Mugeni, mdogo, mabega yameinama, akaingia kwenye picha. Mzee Ojiambo akamdaka kama mtu aliyekuwa akizama.

"Mama," alisema kwa sauti ya msichana, laini, ya aibu. Ilikuwa sauti ya Mugeni kabisa. "Mama, usiende Kisumu. Nyumba imekuwa kubwa. Ugali wa Baba hauivi, tunautafuna tu tukinyamaza. Jioni mtu anasikia hatua barabarani anadhani ni wewe. Rudi nyumbani, Mama."

Hakuna aliyecheka. Mwosha vyombo aliacha kufuta sahani.

Mama alikuwa amesimama. Hakumtazama mumewe. Alimtazama binti yake, na ingawa alijua vizuri kilichosemwa siku ile mbele ya sufuria, aliuliza, "Mugeni, ulisema hivyo?"

Watu wote wakageuka. Mugeni alihisi masikio yakimwaka moto. Ingekuwa rahisi kuitikia kwa kichwa. Baba yake alikuwa amemfungulia mlango, na alichotakiwa kufanya ni kupita tu. Mama angelia, angemkumbatia yeye, labda hata angelifungua lile begi kwa ajili yake. Baba angerudi nyumbani akisema alikwenda kazini. Na mama angeishi tena na mtu ambaye hakumwita. Mugeni alijua mama yake asingemaliza mwezi bila kuondoka tena.

"Hapana," alisema. Sauti haikutoka. Akasema tena. "Hapana, Mama. Nilisema chumvi imetosha."

"Naam," mama alisema taratibu.

"Natamani ningesema hayo. Hata Jumanne kwenye simu nilitaka kukwambia usiende, nikakwambia kuna ziwa." Aligeuka kumtazama baba yake, jambo ambalo lilimgharimu kuliko yote. "Lakini haya ya sasa hivi si yangu. Ameazima sauti yangu tu. Maneno ni ya Baba."

Filamu ilikuwa imekwisha, skrini imekuwa nyeusi. Mama Patroba alifungua mdomo kusema neno la utani, akauona uso wa Proscovia, akaufunga. Mzee Ojiambo aliitazama maiki mkononi mwake. Kidole gumba kilitafuta kidude, kikakisukuma, na kipaza sauti kikakoma kuhema. Aliiweka maiki mezani, akatembea kupita kati ya viti mpaka meza ya nyuma, akasimama mbele ya mkewe akiwa hana kitu mkononi.

Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ndogo, imekwaruza. Wale wateja hawakuwahi kuisikia. Mugeni aliijua, ndiyo iliyokuwa ikisema nyumbani, "Zima taa, mwanangu, tulale."

"Proscovia," alisema, jina ambalo hakuwahi kumwita mbele za watu. "Mpaka ulifunguliwa siku nyingi. Mimi ndiye sikuvuka. Kibanda kilikuwa kimekufa, nikaona haya kuja kukwambia urudi kwa mtu asiye na kazi, nikasema nitangoja uje mwenyewe. Hakuna aliyeniita kazini leo. Nimekuja kukuchukua."